Nili, kibofu na kaunta buku: historia ya sumu inayongoja miaka 20

Mwaka wangu wa kwanza wa uzamili nilipangiwa kazi ambayo hakuna mtu anaigombania: kuorodhesha kemikali za zamani kwenye stoo ya maabara. Nilikuwa na glovu, barakoa, kalamu, na fundi sanifu mmoja aliyebakiza miaka michache kustaafu. Wanafunzi wote tunamwita Mzee wa Stoo, maana alikuwepo pale kabla wengi wetu hatujazaliwa. Siku ya tatu, kwenye rafu ya chini kabisa, nyuma ya makopo ya chumvi zilizoganda, nikatoa chupa ya kioo cha kahawia. Lebo ilikuwa imefifia lakini inasomeka: benzidini.

"Aah, hiyo," Mzee akasema. "Hiyo tulikuwa tunapimia damu. Unaweka kidogo, unatia haidrojeni peroksaidi, kama kuna damu inageuka buluu pale pale. Nzuri kweli kuiangalia."

Nikamuuliza, mlikuwa mnavaa nini mkiitumia?

Akacheka. "Koti jeupe, mwanangu. Ungetaka tuvae nini tena?"

Mimi sikucheka. Benzidini nilikuwa naijua kwenye madaftari tu, katika orodha ya kemikali zinazosababisha saratani kwa binadamu. Jioni ile nikaanza kusoma historia yake, na tangu hapo sijaacha. Leo nataka tuipitie pamoja, kwa sababu mimi naiona si hadithi ya kemia peke yake. Ni hadithi ya muda, na ya nani anahesabu watu wakati muda huo unapita.

Ilianza na homa

Turudi London, mwaka 1856. Kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, anasoma kemia chini ya mwalimu Mjerumani, August Wilhelm Hofmann. Wakati huo dawa ya kutegemewa ya malaria ni kwinini, na kwinini inatoka kwenye magome ya mti wa Amerika Kusini. Ni ghali, na kila dola yenye makoloni katika nchi za joto inaihitaji. Hofmann anadhani huenda ikawezekana kuitengeneza maabara kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe, ule uchafu mweusi unaobaki baada ya kutengeneza gesi ya taa.

Wakati wa likizo ya Pasaka Perkin akajaribu nyumbani kwao. Kwinini hakuipata. Alichopata ni tope jeusi lisilo na maana. Lakini alipolisafisha chombo kwa alkoholi, ikatoka rangi ya zambarau iliyoshika kwenye hariri na haikutoka. Ndiyo ilikuwa rangi ya kwanza ya maabara kuuzwa kwa wingi, na kabla hajafika miaka 20 Perkin alikuwa na kiwanda.

Malighafi yake ilikuwa anilini. Hebu tusimame kidogo kwenye jina hili. Wakemia waliipata mwanzo kutoka kwenye indigo, ambayo kwa Kireno inaitwa *anil*, nao Wareno walilitoa neno hilo kwa Waarabu, *an-nil*. Sisi nasi tulilichukua huko huko kwa Waarabu. Ile nili ambayo bibi zetu walikuwa wakitia kwenye maji ya mwisho ili kanzu nyeupe ing'ae, ni ndugu wa jina na anilini.

Anilini ni mfano rahisi kabisa wa amini za aromatiki. Chukua pete ya atomi 6 za kaboni, yaani benzini, kisha ibandike kikundi cha naitrojeni na haidrojeni mbili. Basi. Ukiunganisha pete mbili za aina hiyo moja kwa moja, kila moja na kikundi chake, unapata benzidini. Ukibandika kikundi hicho kwenye pete mbili zilizogandana ubavu kwa ubavu, mahali fulani maalumu, unapata beta-naftilamini. Ukichukua anilini na kuiongezea kaboni moja jirani na naitrojeni, unapata orthotoluidini. Yashike majina haya matatu, yatarudi.

Kuna jambo moja ambalo Perkin hakulijua. Anilini yake haikuwa safi, ilikuwa imechanganyika na toluidini. Bila uchafu huo rangi ya zambarau isingetokea. Kwa hiyo orthotoluidini ilikuwemo ndani ya chombo tangu siku ya kwanza ya biashara hii.

Daktari wa Frankfurt

Uingereza ndiyo iliyogundua, lakini Ujerumani ndiyo iliyoigeuza kuwa viwanda vikubwa. Katika miaka ya 1860 makampuni ambayo majina yake bado tunayaona kwenye dawa na viuatilifu, Bayer, Hoechst na BASF, yalianza kama viwanda vya rangi. Rangi nyekundu ya majenta, ambayo pia huitwa fuksini, ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizowatajirisha.

Wafanyakazi walikuwa wakichemsha, wakikoroga, wakipakua unga kwa koleo. Nguo zao zilishika rangi, na mvuke waliuvuta mchana kutwa. Kwamba anilini nyingi inaweza kumlevya mtu na kumgeuza midomo kuwa ya buluu, hilo lilijulikana mapema, kwa sababu lilitokea siku hiyo hiyo. Mtu anaanguka, anatolewa nje, anapata hewa, kesho anarudi kazini.

Lakini kulikuwa na jambo jingine lisilotokea siku hiyo hiyo.

Mwaka 1895 daktari wa upasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, alisimama mbele ya mkutano wa madaktari wenzake wa Kijerumani akaeleza alichokiona. Wanaume wachache walikuwa wamefika kwake wakiwa na uvimbe kwenye kibofu cha mkojo. Wote walitoka kwenye karakana ya fuksini, na karakana yenyewe ilikuwa na watu 45 tu. Uvimbe wa kibofu ni ugonjwa ambao daktari angeweza kukaa muda mrefu bila kuuona. Kuona kadhaa kutoka chumba kimoja haikuwa bahati mbaya.

Rehn huyu wengi wanamkumbuka kwa jambo lingine. Mwaka uliofuata, 1896, alishona jeraha la moyo wa kijana aliyechomwa kisu, na kijana akapona. Hakuna aliyewahi kufaulu kufanya hivyo kabla yake. Ukitaka kujua dunia inapenda hadithi ya namna gani, linganisha mambo hayo mawili. La moyo lilisifiwa kila mahali. La kibofu lilipokewa kwa mashaka.

Rehn mwenyewe alikosea kidogo. Alidhani mkosaji ni anilini, na kwa miaka mingi ugonjwa ukaitwa "saratani ya anilini". Lakini kesi ziliendelea kujitokeza, Ujerumani na Uswisi, na madaktari wakaanza kuona kwamba wanaougua zaidi ni wale wanaoshika jamaa wakubwa wa anilini. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani, likiwa na miaka miwili tu tangu kuzaliwa, lilitoa ripoti kuhusu saratani ya kibofu kwa wafanyakazi wa viwanda vya anilini. Ikawataja wahusika: benzidini na beta-naftilamini.

Mwaka 1921, jamani. Ukumbuke mwaka huo tunapoendelea.

Ini linanoa kisu

Swali ambalo kila mtu huniuliza: kwa nini kibofu? Mvuke unaingia mapafuni, unga unapita kwenye ngozi ya mikono. Mbona ugonjwa unatokea huko chini?

Jibu ni kwamba kemikali hizi zikiingia mwilini ni kama kisu butu. Mwili wenyewe ndio unaokinoa.

Amini hizi huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo hupita ngozi bila shida. Mwili haupendi vitu vya mafuta vinavyozagaa, hivyo ini hujaribu kuvifanya viyeyuke kwenye maji ili vitolewe. Kimeng'enya kimoja cha ini hubandika oksijeni kwenye ile naitrojeni, na hapo ndipo makali yanapoanza kutoka. Halafu ini hukifunga kitu hicho kwa aina fulani ya sukari, kama mtu anayefunga kisu kwenye kitambaa, na kukisafirisha kwenye damu hadi figo, na figo hadi kibofu.

Kibofu ni gari lililoegeshwa. Mkojo unakaa humo kwa masaa. Na mkojo mara nyingi una tindikali, na tindikali hiyo hufungua kile kitambaa. Kisu kinabaki wazi, kinashika vinasaba vya seli za ukuta wa kibofu na kuvikata hapa na pale. Seli nyingi hujirekebisha au kufa. Lakini rudia hivyo kila siku kwa miaka, na seli moja inaweza kukosea namna ambayo hairekebishiki.

Kuna njia ya pili ambayo ini linaweza kuitumia: badala ya kubandika oksijeni, linabandika kikundi cha asetili, na kwa baadhi ya amini hizi hiyo ndiyo njia ya usalama. Watu tunatofautiana. Wengine ini zao hufanya kazi hiyo haraka, wengine taratibu, ni suala la kurithi. Wale wa taratibu wakikutana na baadhi ya amini hizi wako kwenye hatari kubwa zaidi. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kufanya kazi benchi moja miaka 10, mmoja akaugua, mwingine akazeeka akisema, "Mbona mimi sikupata kitu?"

Mbwa 16

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Marekani ikakosa rangi kutoka Ujerumani. Makampuni yake yakaamua kutengeneza yenyewe. Moja lilikuwa DuPont, ambalo lilijenga shughuli zake za rangi Deepwater, New Jersey, kando ya mto Delaware. Beta-naftilamini na benzidini zilikuwa miongoni mwa bidhaa za pale.

Ilichukua kama miaka 15 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wafanyakazi wa Deepwater wakaanza kukojoa damu. Hapa tuwe waadilifu: mwanzoni kampuni haikunyamaza. Daktari wake mwenyewe aliandika kuhusu wagonjwa hao katika majarida ya kitabibu. Kampuni ikamwajiri mtafiti wa magonjwa, Wilhelm Hueper, Mjerumani aliyehamia Marekani, ili atafute chanzo.

Shida ilikuwa wanyama. Panya na sungura waliopewa beta-naftilamini hawakupata saratani ya kibofu, na kila aliyetaka kuitetea kemikali alikuwa na hoja. Hueper akajaribu mbwa. Kati ya mbwa 16 majike waliopewa kemikali hiyo kwa muda mrefu, 13 walipata uvimbe wa kibofu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1938. Leo tunajua sababu: ini la mbwa halina ile njia ya asetili. Mbwa ni kama binadamu wa taratibu, tena kupita kiasi.

Hueper alisimulia baadaye siku alipoomba kuona karakana yenyewe. Akapelekwa sehemu ya beta-naftilamini, akakuta pasafi ajabu. Akamsifu nyapara. Nyapara akamwambia angepaona jana usiku, walikesha wakipasafisha kwa ajili ya ziara yake. Basi Hueper akaomba kwenda jengo la pili, la benzidini, papo hapo, bila taarifa. Huko akakuta unga mweupe umetanda kila mahali, barabarani, madirishani na sakafuni. Ziara ikaishia hapo. Akaandika barua ya malalamiko kwa mkuu wa kampuni. Mwaka 1937 alikuwa ameshafukuzwa.

Deepwater iliendelea kutengeneza beta-naftilamini mpaka mwaka 1955. Hesabu mwenyewe: miaka 34 baada ya ripoti ya Geneva, na miaka 17 baada ya mbwa. Waliougua saratani ya kibofu kutoka kiwanda kile, miaka ilivyozidi kwenda, walifika mamia.

Mtu aliyehesabu

Nikiwa nasoma haya nilijiuliza: ilikuwaje watu wenye akili zao wakabaki wakibishana miaka 60 juu ya jambo ambalo daktari mmoja alilinusa kwenye chumba cha watu 45?

Fedha ni sehemu ya jibu, wala hatujidanganyi. Sehemu nyingine ni muda. Kati ya mtu kuishika kemikali na kibofu kuonyesha dalili inapita wastani wa karibu miaka 20, wakati mwingine 30 au 40. Katika miaka hiyo mtu ameshaacha kazi, amehama mji, amefungua duka. Akianza kukojoa damu anakwenda kwa daktari ambaye hamjui, na daktari anaandika "saratani ya kibofu" bila kuuliza, "Ulipokuwa kijana ulifanya kazi gani?" Cheti cha kifo kinaandikwa "muuza duka, mstaafu". Kiwandani kwenyewe waliopo ni vijana wenye afya. Ukiingia ukatazama, humwoni mgonjwa hata mmoja.

Namna pekee ya kuwaona wagonjwa ni kupata daftari la zamani la majina, kisha kumfuata kila mtu mpaka alipo, hata kama ni kaburini.

Hiyo ndiyo kazi aliyofanya Robert Case huko Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1940 chama cha wenye viwanda vya kemikali kilimpa kazi ya kuchunguza. Case na wenzake wakakusanya orodha za waajiriwa kutoka viwandani, nani aliajiriwa lini, alishika kemikali gani, kwa muda gani. Jumla ni wanaume 4,622. Kisha wakavipekua vyeti vya vifo. Wakajiuliza: kama watu hawa wangekuwa Waingereza wa kawaida wa umri huo, wangapi tungetegemea wafe na saratani ya kibofu? Wakalinganisha na waliokufa kweli.

Matokeo yalitoka mwaka 1954. Kwa jumla hatari ilikuwa karibu mara 30 ya ile ya kawaida. Beta-naftilamini ilikuwa mbaya kuliko zote, benzidini ikifuata.

Case hakuwa na dawa mpya wala hadubini ya ajabu. Alikuwa na majina, tarehe, na uvumilivu. Lakini baada ya hapo hoja ya "ni wachache, ni bahati mbaya" ikafa.

Na daftari lake likatoa jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilitafuta. Alipokuwa akitafuta mji wa kulinganisha, usio na viwanda vya rangi, aliangalia kumbukumbu za hospitali za Birmingham. Akashangaa kuona nako wagonjwa wa kibofu wamezidi, na wengi ni wafanyakazi wa viwanda vya mpira. Mpira na rangi wapi na wapi? Ikaja kuonekana kwamba kemikali iliyochanganywa kwenye mpira ili usichakae ilitengenezwa kwa beta-naftilamini, na mabaki yake yalibakia humo. Kampuni ya ICI iliyoiuza iliiondoa sokoni mwaka 1949. Wafanyakazi wa matairi waliokuwa wameishika miaka yote hiyo hawakuwahi kulisikia hata jina lake. Zaidi ya miaka 20 baadaye baadhi yao walikwenda mahakamani, na wakashinda.

Uingereza ilipiga marufuku rasmi kemikali hizi mwaka 1967. Marekani iliweka masharti makali mwaka 1974. Mwaka huo huo Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 139 kuhusu saratani zitokanazo na kazi. Ndani yake kuna neno moja ambalo kwangu mimi ndilo limebeba historia yote hii: mfanyakazi apimwe afya wakati wa ajira *na baada ya hapo*.

Yule wa tatu

Umeikumbuka orthotoluidini? Kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ndugu mpole. Beta-naftilamini ikatoka, yeye akabaki kazini.

Katika miaka ya 1980 wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha kemikali za mpira huko Niagara Falls, New York, cha kampuni ya Goodyear, walianza kuambiana kwamba wenzao wengi wana ugonjwa wa kibofu. Chama chao kikaomba taasisi ya serikali ya afya ya kazini ije kuchunguza. Wachunguzi wakafanya kama Case: wakachukua daftari la majina 1,749. Mwaka 1991 wakatoa jibu. Saratani za kibofu zilizotegemewa zilikuwa kama 4. Zilizopatikana ni 13. Katika idara iliyoshika kemikali hiyo moja kwa moja ilitegemewa 1 tu, zikapatikana 7.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Ufaransa, sasa linaiweka orthotoluidini kundi la kwanza, pamoja na benzidini na beta-naftilamini. Mwaka 2015 ikajitokeza tena, safari hii kwenye kiwanda cha malighafi za rangi huko Fukui, Japani. Nchi tajiri, karne ya 21, na bado wafanyakazi kadhaa waliugua kabla mtu hajajumlisha.

Na sisi huku?

Kuna mambo matatu nataka uyabebe.

La kwanza ni damu kwenye mkojo. Wengi wetu tuliokulia Pwani, Visiwani au kanda ya ziwa, tukisikia mtu anakojoa damu tunasema kichocho. Mara nyingi ni kweli, na kichocho cha mkojo nacho kikikaa miaka mingi bila tiba kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Lakini mtu mzima anayekojoa damu bila maumivu, hata mara moja, asijitibu kwa kubahatisha. Aende hospitali, na akifika aseme kazi alizofanya tangu ujana: kiwanda cha nguo, cha rangi, cha ngozi, cha mpira, maabara. Daktari asipouliza, sema mwenyewe. Na useme kama unavuta sigara, kwa sababu moshi wa sigara una amini hizi hizi ndani yake.

La pili ni saluni. Kazi ya ususi na unyoaji ipo kwenye orodha ya zinazodhaniwa kuongeza hatari ya saratani, na rangi za nywele ni sehemu ya sababu. Piko nyeusi tunayochorea maharusi mara nyingi ina amini nyingine ya aromatiki, PPD. Hiyo haijathibitishwa kuleta saratani kwa binadamu, tusitishane bure, lakini inaunguza na kuvimbisha ngozi, tena vibaya. Dada anayepaka watu rangi kutwa nzima anastahili glovu na dirisha wazi. Mteja wake anapakwa mara moja kwa mwezi, yeye anaishika kila siku.

La tatu ni daftari. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Kenya ina ya mwaka 2007, na zote mbili zina sheria za fidia kwa mfanyakazi anayeugua kwa sababu ya kazi. Lakini mtu anayeugua miaka 25 baada ya kuacha kibarua atathibitishaje kwamba aliwahi kuwepo pale? Vibarua wa kutwa, majina yao yako wapi? Kiwanda kikifungwa au kikiuzwa, makaratasi yanakwenda wapi? Asiye na jina kwenye daftari haonekani kwenye hesabu yoyote, si ya Case wala ya mahakama.

Kaunta buku

Ile chupa hatukuimwaga kwenye sinki. Tuliifunga, tukaiwekea alama, tukaikabidhi kwa wahusika wa taka hatarishi. Nilidhani habari imeisha.

Wiki iliyofuata nilimsimulia Mzee haya yote, karibu kama nilivyokusimulia wewe. Alinisikiliza bila kunikatisha. Nilipomaliza akainuka, akaenda kwenye kabati la nyuma, akarudi na kaunta buku lenye jalada jekundu lililotatuka. Ndani mlikuwa na mistari iliyopigwa kwa rula: tarehe, kemikali, kiasi, jina, sahihi. Kila aliyechukua kitu stoo aliandikwa.

"Mkuu wa idara wa wakati ule alikuwa mkali," akasema. "Hata gramu moja unasaini."

Tukakaa tukalipekua. Benzidini ilionekana kurasa nyingi. Majina mengine Mzee aliyatambua: huyu alihamia mkoani, huyu yupo, huyu alikwishafariki, sijui kwa nini. Na kila baada ya mistari michache, kwa mwandiko mzuri wa ujana, lilikuwepo jina lake mwenyewe.

"Umesema miaka 20?" akaniuliza.

"Wastani, Mzee. Inaweza kuwa zaidi."

Akahesabu kwa vidole, akanyamaza.

Jumatatu alikwenda kupima mkojo. Majibu yalitoka safi, tukashukuru Mungu. Daktari alimwambia arudi kila mwaka, na Mzee, ambaye sijawahi kumwona akiandika miadi yoyote, akaiandika ndani ya jalada la lile kaunta buku. Kurasa zake nimezipiga picha zote. Sasa tunawatafuta wengine, mmoja mmoja, kwa simu. Watu wanashangaa kupigiwa na mwanafunzi wasiyemjua anayetaka kujua habari za mkojo wao, na wengine wanakata. Tunapiga tena.